Nyanya za Upande wa Mlango

Jumatatu, 6 Januari

Leo tumefunga madirisha. Nasema tumefunga, lakini aliyefunga ni mimi, nikipanda na kushuka ngazi, huku Mama amesimama chini ananielekeza kwa kidole kana kwamba sijui dirisha lilipo. Jumba letu la kioo limejaa minyanya safu kwa safu, ndiyo kwanza imeanza kutoa maua, ya njano, mazuri, yamechangamka. Na sasa tumeyafungia humo ndani pamoja na joto lote hili la kiangazi. Jua likizama hita inawaka, kuhakikisha kwamba hata usiku minyanya haipati nafuu.

"Mama, hata kile kidirisha kidogo cha juu?" nilimuuliza.

"Hasa hicho."

Mwaka huu nimeamua kuandika, maana Mama, mtafiti wetu katika kituo hiki cha mbegu, anastaafu mvua zikianza. Wote kituoni tunamwita Mama Chavua, na mwenyewe analijua jina hilo wala halimkeri. Nyanya hii ameihangaikia kizazi baada ya kizazi tangu mwanangu wa kwanza akitambaa, na sasa mwanangu huyo ananipita urefu. Anachotaka ni kitu kimoja tu: mnyanya unaoweza kutunga matunda yenye mbegu ndani ya joto ambalo minyanya mingine inabaki mitupu. Mkuu wa kituo ameshatamka kwamba msimu ukiisha bila mbegu, jumba wanapewa watu wa maua ya mapambo. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi.

Jumanne, 7 Januari

Joto.

Ijumaa, 10 Januari

Baba watoto alipata mgeni jioni, mfanyakazi mwenzake, na mgeni akaniuliza nafanya kazi gani. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akadakia: "Huyu? Huyu kazi yake ni kuhasi maua."

Mgeni wa watu akabana miguu. Ikabidi nimweleze kwamba ni kweli na si kweli. Ukitaka kuchanganya aina mbili za nyanya, unachukua kibanio kidogo, unafungua ua ambalo halijapevuka, unalitoa sehemu zake za kiume ili lisijizalishe lenyewe, kisha unalipaka chavua ya baba uliyemchagua wewe. Ni kazi ya mkono mwepesi. Mgeni akasema ameelewa, lakini miguu hakuiachia hadi alipoaga.

Alhamisi, 16 Januari

Yameanza kupukutika.

Nilifungua mlango asubuhi, hewa ya mle ikanipiga usoni kama nimefunua sufuria, na chini kote kulikuwa na maua. Hayajanyauka, hayajaliwa na mdudu. Yamekatika tu kwenye kikonyo na kudondoka. Unalitazama ua limekaa vizuri kwenye tawi, unageuza kichwa, ukirudi liko chini. Nilisimama nikaanza kulia, na sina aibu kuandika hivyo. Hawa nimewasia mimi, nimewahamisha mimi, kila mmoja namjua kwa ukaidi wake.

Mama alinikuta nimeshika ngazi.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Shikamoo Mama. Nilifikiri tufungue kidogo tu, saa ile ya mchana..."

"Marahaba. Shambani kuna dirisha?"

Nikaitazama ngazi.

"Nakuuliza, binti. Yule mkulima akiona maua yake yanadondoka, anafungua dirisha gani?"

Nikarudisha ngazi mahali pake. Nilipotoka nilikuwa nimevimba, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilimsema moyoni. Mtu hana hata chembe ya huruma. Angekuwa mamangu mzazi ningemwambia.

Jumapili, 19 Januari

Si zamu yangu. Nimekwenda kuwaona tu, nikarudi.

Jumatano, 22 Januari

Kuna tunda!

Ni dogo kama punje ya pilipili manga, la kijani, limechungulia pale ambapo ua lilikuwepo. Liko safu ya kwanza, ile ya mlangoni. Nilipiga kelele hata Fundi Bomba, anayetutengenezea mabomba na hita, akaja mbio akidhani nimeungua.

Mama alikuja polepole. Macho yake yana mtoto wa jicho, siku hizi vitu vidogo havioni vizuri, ingawa hakuna anayethubutu kulitaja hilo mbele yake. Akapiga magoti kwenye kokoto. "Niongoze," akasema. Nikakishika kidole chake, nikakipeleka hadi kwenye kile kipunje. Akakigusa kidogo tu, akaurudisha mkono haraka.

Kipimajoto ukutani kilikuwa kimepanda mahali ambapo watu wanatafuta kivuli na mbwa wanatoa ndimi. Na kiumbe hiki, kisicho na mahali pa kukimbilia, kimeamua kuzaa.

Jumatano, 29 Januari

Safu ya mlangoni ina matunda kadhaa sasa. Safu nyingine zote, patupu. Mama anaimba chini ya pumzi, wimbo mmoja tu, tena sehemu moja tu ya wimbo huo. Fundi Bomba akipita nje ya mlango anaiamkia ile safu: "Shikamooni wazee wa joto." Mkuu wa kituo alichungulia, jasho likamwagika, akasema "hongereni" na kuondoka.

Jumapili, 2 Februari

Zamu ya kufua leo ilikuwa ya mume wangu. Aliinua aproni yangu ya kazini mbele ya mwanga.

"Mama watoto, hii mbona inachafuka upande mmoja tu?"

"Upande gani?"

"Huu wa kulia, hapa kwenye nyonga. Kijani na njano, haitoki hata nikiisugua. Kushoto safi kabisa. Kuna mtu unamkumbatia kiubavu huko?"

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshaduwaa na beseni mkononi.

Jumatatu, 3 Februari

Ni kweli. Nimekwenda kabla ya wenzangu nikaangalia, na ni kweli.

Ndani ya mlango kuna pipa la maji. Kati ya pipa na safu ya kwanza, njia ni nyembamba. Mama ni mwembamba, anapita bila kugusa kitu. Fundi Bomba anaingilia mlango wa nyuma. Mimi Mungu alinipa nyonga, tena hakubana mkono. Kila nikiingia nyonga ya kushoto inakwaruza pipa na ya kulia inaifuta safu ya kwanza. Nikitoka natoka kwa nyuma, maana huwa navuta toroli, kwa hiyo ni ile ile ya kulia tena. Na matunda yote, yote kabisa, yapo upande wa njia, urefu wa nyonga yangu. Juu yake hakuna. Chini yake hakuna. Upande wa pili wa mti hakuna hata moja.

Naandika haya mambo yawe wazi hata kwa mtu asiyejua kazi hii. Chavua ya nyanya imefichwa ndani ya ua, kama chumvi kwenye kile kichupa chenye matundu. Usipokitikisa, chumvi haitoki. Huko nje upepo unatikisa, nyuki wanatikisa. Jumbani kwetu tuna neti, nyuki hawaingii. Tumefunga madirisha, upepo hauingii. Na Mama alikataza mtu yeyote asiguse mti, ili mti ujitegemee.

Basi huenda hii safu haijashinda joto lolote. Huenda imetikiswa tu.

Nimepika leo nikasahau kuweka chumvi, na chumvi ndiyo niliyokuwa nikiifikiria. Sijamwambia. Nitamwambiaje mtu aliyebakiza msimu mmoja kwamba furaha yake yote imetoka kwenye makalio yangu?

Jumanne, 4 Februari

Nilijikaza kisabuni, nikamwambia.

Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, anakunywa chai yake. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, aproni, pipa, toroli, upande wa kulia. Nilimwonyesha doa. Alilipapasa kwa kidole.

"Hebu toka nje," akasema.

Nikajua nimefukuzwa.

"Sasa ingia. Pita kama unavyopita siku zote."

Nikaingia. Safu nzima ikatikisika, fyuu, mpaka mwisho. Yeye alikuwa ameukunja uso, ameusogeza karibu. Mara mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka chai ikamwagika, akashika mbavu, akawa anajaribu kusema neno "toroli" na halitoki. Sijawahi kumwona hivyo. Nami nikaanza kucheka, kwa woga tu mwanzoni, kisha kwa dhati.

Alipomaliza alijifuta machozi na pembe ya khanga, na uso ukabadilika.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilitaka kuwapa joto, nikawanyima na upepo. Shamba halina dirisha, sawa. Lakini shamba lina upepo. Miaka yote hii nakuambieni msiguse."

"Lakini Mama, kama chavua ilikuwa imekufa, hata ningewatikisa na mtambo isingesaidia kitu. Lazima ilikuwa hai."

"Ilikuwa hai. Ilitengenezwa lini?"

Hapo nikaelewa. Chavua inaumbwa ua lingali dogo kama kichwa cha kiberiti. Maua yale yaliumbwa kabla hatujafunga madirisha. Yalikuwa yamekula baridi yao ya asubuhi ndipo yakaingia kwenye joto. Hayakuthibitisha lolote.

Akasimama, akasogea kwenye safu, akaanza kupapasa. Kila tunda alilolipata alilikonyoa. Lile la kwanza kabisa, lililokuwa limefikia ukubwa wa kifungo cha shati, lilikuwa la mwisho. Alilishika kidogo mkononi kabla ya kulitia kwenye ndoo.

"Maua yanayofunguka sasa yameumbwa ndani ya moto," akasema. "Hayo ndiyo tutayauliza. Na kila mti utikiswe sawa na mwenzake. Kesho asubuhi utapita safu zote."

"Na fimbo?"

"Na fimbo ya nini? Pita na hizo ulizopewa."

Mimi nilikuwa nikimwona mkavu. Leo nimemwona akizikonyoa kwa mkono wake zile nyanya alizozisubiri, kwa sababu tu hazikuwa za kweli. Sina neno la kumpa mtu wa namna hiyo. Nilikwenda nikamwoshea kikombe.

Jumatano, 5 Februari

Nimepita safu zote, nenda rudi, pande zote mbili, mikono juu. Fundi Bomba alisimama nje ya kioo akipiga makofi kwa mdundo. Nimemwambia siku yake inakuja.

Ijumaa, 7 Februari

Joto. Nimepita.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepita. Yanapukutika vile vile.

Jumatano, 12 Februari

Leo tumetoa hadubini.

Nilikusanya maua machache kwenye kila safu, nikayagonga juu ya kipande cha kioo, nikadondoshea ile dawa nyekundu. Dawa hiyo, chavua iliyo hai huinywa ikawa nyekundu, iliyokufa hubaki nyeupe na kukunjamana. Mama alikaa pembeni, kwa sababu ya macho. Kazi yangu ilikuwa kuangalia na kusema.

Safu ya mwisho: maganda. Yamebonyea, hayana kitu ndani. "Wamekufa, Mama." Safu inayofuata: wamekufa. Inayofuata: wamekufa. Nilisema neno hilo mpaka ulimi ukawa mzito. Kila kioo kilikuwa kama uwanja baada ya mvua ya mawe. Nilihisi yeye yupo pale pembeni hasogei.

Tukafika safu ya mlangoni. Mti wa kwanza, wamekufa. Wa pili, wamekufa. Nikaweka kioo cha mti wa tatu, ule ulio mkabala na pipa, mfupi, majani yake yamejikunja, mti ambao ungeambiwa uchague ungeuacha. Nikazungusha kile kirungu cha kusogeza picha.

Nyekundu.

Si moja wala mbili. Zilikuwa zimejaa, mviringo, nzito, zinang'aa, zimebanana kama kunde kwenye bakuli. Nilitoa jicho nikalirudisha. Zilikuwa pale pale. Vumbi hili ukilipuliza halipo, ukilishika huoni kama umeshika kitu. Limeumbwa katika siku ambazo chuma cha mlango kilikuwa hakishikiki, limepita usiku baada ya usiku wa hita, na liko hai, limekunywa dawa yangu.

"Sema basi," Mama akasema.

"Wako hai."

"Wangapi?"

"Mama, wako hai. Kila ninapotazama."

Aliuliza kama anaweza kuangalia. Nikampisha. Aliinama akakaa na jicho lake pale muda mrefu. Sijui aliona nini. Huenda aliona wekundu tu, usio na umbo. Alipoinuka alisema, "Nzuri," kwa sauti ambayo mtu huitumia msikitini au kanisani, kisha akaniuliza kama nimeandika namba ya mti.

Jumanne, 18 Februari

Mti wa tatu una matunda. Pande zote mbili, juu na chini, si kwenye nyonga tu. Minyanya mingine yote imetikiswa sawa sawa, na haina kitu.

Leo nilifunga kile kidirisha cha juu upepo ulipokifungua, bila kuambiwa.

Jumatatu, 3 Machi

Yanakua. Mimi nimevimba kichwa, naringa na kuwaambia wenzangu tumeshinda. Mama akanirudisha chini.

"Tunda si mbegu, mwanangu." Ameanza kuniita mwanangu. "Joto lina ujanja. Linaweza kukupa tunda zuri, jekundu, ndani maji matupu. Mti unabeba kwa mazoea tu. Mpaka tupasue."

Kwa hiyo roho iko mkononi tena. Nikilala naota napasua nyanya, na ndani kuna nyanya nyingine, na ndani ya hiyo nyingine.

Alhamisi, 13 Machi

Mawingu upande wa milimani. Hayakushuka.

Ijumaa, 21 Machi

Yameanza kuwiva. Mkuu wa kituo amewaleta watu wa maua ya mapambo kupima jumba kwa futi ya utepe. Walikuwa wapole, walitembea kwa ncha za viatu. Mama aliwakaribisha, akawaonyesha bomba linalovuja.

Jumatano, 26 Machi

Tulikuwa wawili tu. Nilikuja na kisu kutoka nyumbani, kile cha kukatia mboga, kwa sababu vya kituoni ni butu na sikutaka kuliponda. Nikalichagua tunda lililowiva kuliko yote. Lilikuwa dogo, lina bega la njano, sokoni usingelichagua. Nikaliosha, nikaliweka kwenye ubao. Mama alivua miwani, akaiweka mfukoni, maana haikuwa na msaada wowote.

"Pasua wewe," akasema.

"Mama, ni lako."

"Mimi sioni nitakata wapi. Pasua."

Nikapasua. Maji yakamwagika kwenye ubao, na nusu zikalala pande mbili.

Nilitaka kumwambia na sauti haikutoka. Nilijaribu mara ya pili. Yeye alikuwa ameelekeza uso kwangu, anasubiri, na kadiri nilivyochelewa nikaona uso unaanza kukunjamana, amejua kwamba ni tupu, anajiandaa kunifariji mimi. Basi nikachukua nusu moja nikaiweka kwenye kiganja chake.

Akapitisha kidole gumba ndani.

Zikamteleza. Moja, nyingine, zile punje zenye ute, zikamtoka kidoleni zikamwangukia kwenye kiganja. Si nyingi. Nyanya ya sokoni ina nyingi zaidi ya hizo mara kadhaa. Lakini zilikuwa nene, zimejaa, na alizisukuma huku na huku kwa kidole bila kuzitazama, macho yake yako kwenye kioo cha dari. Kisha akalia. Alilia kwa sauti kama mtoto, mkono umenyooshwa mbele ili asizimwage, nami nikamshika kiwiko tukalia wote. Fundi Bomba alifungua mlango wa nyuma, akatuona, akaufunga taratibu.

Hata sasa ninapoandika nashindwa kuamini kwamba kitu hicho kipo duniani, na mwanzo wa mwaka hakikuwepo.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Imekuja na kelele juu ya kioo mpaka tukawa tunaongea kwa ishara.

Leo ndiyo siku yake ya mwisho. Mkuu wa kituo alisema maneno, akasema pia kwamba jumba linabaki letu. Mbegu ziko kwenye kikombe zinachacha ute utoke, chumba kizima kinanuka, na Mama aliinusa harufu hiyo kama manukato. Kisha mkuu akauliza aina hii mpya itaitwaje, kwa sababu namba haitoshi. Wote tulitarajia atalitaja jina lake mwenyewe, na lingekuwa haki yake.

"Nyonga," akasema.

"Samahani?"

"Andika Nyonga. Isingekuwa hizo, ningestaafu na uongo."

Fundi Bomba alilazimika kutoka nje kwenye mvua. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu ameshajua, sijui nani kamwambia, na sitapata amani tena maishani.

Jumanne, 1 Aprili

Nimesia peke yangu. Kiti chake cha ndoo sijakisogeza.

Jumatano, 9 Aprili

Zimeota. Asubuhi udongo ulikuwa umepasuka mstari mzima, na vichwa vimeinama, vimeng'ang'ania maganda ya mbegu.

Nimempigia Mama simu. Nimemwambia, "Nyonga zimeota." Nilisikia anapumua, na nyuma yake mvua. Kisha akaniuliza:

"Umefunga madirisha?"

Nimefunga.